Sura ya Nne: Mbona Kwenye Simu Inacheza Vizuri?

Swali hili halikosekani popote watu wanapohariri video, kuanzia studio za harusi za Kariakoo hadi kwa mwanafunzi anayetengeneza vipindi vya YouTube chumbani kwake: mbona video ileile inayocheza bila tatizo kwenye simu ya laki tatu inakwamakwama kwenye kompyuta ya milioni mbili, mara tu inapoingizwa kwenye programu ya kuhariri? Ukibonyeza kucheza, picha inaganda, sauti inaendelea, kisha picha inaruka sekunde nzima ili iifikie. Jibu la haraka, hasa ukimuuliza muuza kompyuta, ni kwamba mashine ni dhaifu. Ongeza RAM, nunua kadi ya picha, au badilisha kompyuta yote. Sura hii inatetea jibu jingine. Matatizo mengi ya uhariri huanza kabla programu haijafunguliwa, kwa sababu mashine inapewa faili isiyotengenezwa kwa ajili ya kukatwa. Anayeelewa tofauti kati ya faili ya kutazama na faili ya kukata huokoa fedha, na huacha kubahatisha kila kitu kinapogoma.

Faili ya kutazama, faili ya kukata

Video ni mfululizo wa picha mgando, na kila picha huitwa fremu. Fremu ya HD kamili ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Pikseli ni nukta moja ya rangi, kwa hiyo fremu moja ina nukta zaidi ya milioni mbili. Ukiandika kila nukta bila kubana, kwa baiti tatu kwa nukta, fremu moja inachukua takriban MB 6.2. Kwa fremu 30 kila sekunde, dakika moja ingefika GB 11. Lakini Apple inakadiria kwamba iPhone inaporekodi HD kwa kasi hiyo katika mfumo wake mpya hutumia kama MB 60 kwa dakika. Yaani video imebanwa zaidi ya mara 180. Kanuni inayofanya kazi hiyo ya kubana, kisha kufungua wakati wa kutazama, huitwa kodeki. Zinazotumika zaidi kwenye simu na kamera ndogo ni H.264, iliyotoka mwaka 2003, na HEVC ya mwaka 2013, ambayo pia huitwa H.265.

Siri ya kubana kiasi hicho ni kwamba kodeki hizi haziandiki kila fremu kikamilifu. Mfikirie bibi harusi aliyekaa mbele ya pazia jeupe. Katika sekunde moja pazia halibadiliki, viti havibadiliki, maua hayabadiliki. Kinachosogea ni kichwa chake na mikono. Kodeki huandika fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika mabadiliko tu. Fremu nyingine huandikwa kwa kutegemea iliyotangulia na pia itakayofuata. Faili ikichezwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hesabu hii ni nyepesi, kwa sababu kila jibu linajengwa juu ya lile lililotoka kupatikana. Zaidi ya hapo, ndani ya simu kuna kijisehemu cha chipu kilichoundwa kwa kazi hiyo moja tu, kufungua H.264 na HEVC kuelekea mbele. Ndiyo maana simu ya bei nafuu haihangaiki.

Mhariri hatazami kuelekea mbele tu. Anarudi nyuma fremu tatu, anaruka dakika kumi mbele, anaweka video mbili juu ya moja, anapunguza kasi, anacheza kinyumenyume. Kila anaporukia fremu ya 47, programu inalazimika kurudi hadi kwenye fremu nzima iliyotangulia, ambayo inaweza kuwa sekunde moja nyuma au zaidi, ikokotoe mabadiliko yote hadi kufika 47, kisha itupe kazi hiyo yote na kuanza upya anaporukia fremu ya 12. Ukiwa na video tatu kwa pamoja kwenye mstari wa muda (ule ukanda wa chini ambamo vipande hupangwa), hesabu inazidi mara tatu. Kwa 4K, yenye nukta mara nne ya HD, zidisha tena. Mashine inafanya kazi kubwa mno ili kuonyesha kitu kidogo.

Kodeki za kukata zipo. Avid ilitoa DNxHD mwaka 2004 na Apple ikatoa ProRes mwaka 2007, na zote mbili huandika kila fremu peke yake, bila kutegemea jirani. Gharama yake ni ukubwa: ProRes 422 ya kawaida, kwa HD ya fremu 25, hutumia kama GB 55 kwa saa. Lakini ukirukia fremu ya 47, unaipata fremu ya 47. Hapo ndipo linapotokea jambo linaloshangaza wengi, la faili kubwa mara kumi kucheza kwa wepesi kuliko faili ndogo. Na herufi .mp4 au .mov mwishoni mwa jina hazikuambii lolote kuhusu hili. Hizo ni jina la kasha. Kodeki iko ndani yake, na programu ya bure kama MediaInfo itakuonyesha ni ipi.

Nakala ya kazi

Suluhisho ni la zamani kuliko kompyuta nyingi tunazozilalamikia. Unatengeneza nakala nyepesi ya kila faili, unahariri kwa nakala hizo, na mwishoni programu inarudi kwenye faili za asili ili kutoa kazi iliyokamilika. Nakala hizo huitwa proksi. Premiere Pro, DaVinci Resolve, Final Cut Pro na hata Kdenlive, ambayo ni ya bure, zote zina sehemu ya kuzitengeneza na kitufe cha kuhama kati ya proksi na asili.

Anayedhani huu ni ujanja wa maskini wa mashine amtazame Walter Murch. Filamu ya The English Patient ya mwaka 1996 ilimpatia Oscar ya uhariri, na ndiyo filamu ya kwanza iliyohaririwa kidijitali kushinda tuzo hiyo. Miaka michache baadaye alihariri Cold Mountain, iliyotoka mwaka 2003, kwa kutumia Final Cut Pro kwenye kompyuta za Power Mac G4 zilizouzwa madukani kwa yeyote, akiwa na picha za zaidi ya saa 100, na akateuliwa tena kuwania Oscar. Uwezo wa kompyuta hizo ni mdogo kuliko wa simu iliyo mfukoni mwako. Iliwezekana kwa sababu kilichokuwa ndani ya kompyuta kilikuwa nakala hafifu tu. Picha za sinema zilitengenezwa baadaye kutokana na filamu ya asili, kwa kufuata maamuzi yaliyofanywa juu ya nakala. Hoja yote ya sura hii imo humo: kuamua wapi pa kukata hakuhitaji picha ya ubora wa mwisho, kunahitaji picha inayotii mkono.

Pingamizi la kwanza hapa ni muda. Kutengeneza proksi za saa tatu za harusi kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye kompyuta ya kawaida. Ni kweli, lakini ni saa ambayo hukai mbele ya mashine. Unaiacha ifanye kazi wakati wa chakula au usiku. Sekunde tatu za kusubiri kila unapokata, kwenye kazi yenye mikato elfu moja, ni dakika 50 ukiwa umekaa hapohapo, na uchovu wake huingia kwenye kazi: mhariri anayesubiri huacha kujaribu, anaridhika na mkato wa kwanza. Pingamizi la pili ni nafasi. ProRes Proxy ya HD kwa fremu 25 hutumia kama GB 17 kwa saa, kwa hiyo saa tatu ni GB 51, na ukizitengeneza kwa nusu ya upana na nusu ya kimo zinapungua zaidi. Pingamizi la tatu, kwamba ubora utashuka, linatokana na kutoelewa. Faili ya mwisho haitoki kwenye proksi. Hakikisha tu kwamba umerudi kwenye asili kabla ya kurenda, yaani kabla ya kuiamuru programu itengeneze video iliyokamilika.

Lipo pingamizi la nne, na hili lina uzito. Wengine watasema kompyuta mpya huhariri H.264 bila proksi yoyote. Ni kweli. Chipu za Intel zina kijisehemu cha kufungulia video tangu mwaka 2011, na zile za Apple zilizoanza na M1 mwaka 2020 hufanya kazi hiyo kwa urahisi mkubwa. Kama unahariri video za simu kila siku na una fedha, mashine ya namna hiyo ina faida. Ila vijisehemu hivyo havijui kila aina ya faili. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi HEVC yenye taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko ya simu, na kadi nyingi za picha zinazouzwa kwa mitumba haziwezi kuifungua. Kazi inarudi kwenye prosesa, na mwenye kompyuta ya bei kali anakwama kama jirani yake. Kabla ya kwenda Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua kadi nyingine, tengeneza proksi ya faili moja ujaribu. Ikicheza vizuri, umepata jibu bila kutoa senti.

Kwa ufupi: picha ikikwamakwama, angalia kwanza kodeki, kisha tengeneza proksi, na fikiria mashine mwisho. Kupunguza ubora wa dirisha la kutazamia hadi nusu au robo husaidia pale penye madoido mengi, lakini fremu zilizobanwa bado lazima zifunguliwe kwanza.

Midomo inapoachana na sauti

Tatizo la pili kwa malalamiko ni sauti isiyoendana na midomo, na hapa watu wengi hukosea kwa kurekebisha kabla ya kupima. Jiulize swali moja tu: je, tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, au inaongezeka? Kama mwanzoni sauti imechelewa nusu sekunde na mwishoni nusu sekunde, isogeze mara moja na kazi imekwisha. Kama mwanzoni iko sawa na baada ya saa moja imepishana kwa sekunde tatu au nne, kuisogeza hakutasaidia, kwa sababu utaponya mwanzo na kuua mwisho. Hapo kasi mbili hazilingani.

Chanzo cha kawaida ni simu. Kamera kubwa hurekodi kwa kasi thabiti, lakini simu hubadilisha kasi ya fremu kadiri inavyoona inafaa. Ukumbi ukiwa na giza, kwa mfano, inapunguza idadi ya fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi. Mchezaji wa video hufuata alama za muda zilizo ndani ya faili, kwa hiyo hutaona kosa. Programu nyingi za kuhariri, kwa upande mwingine, hupenda kudhani kasi moja kwa faili yote. Kosa dogo linatosha. Fremu 29.97, ambazo ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, zikihesabiwa kama 30 kamili, tofauti ni moja kwa elfu, na hiyo peke yake ni sekunde 3.6 kwa saa. Hotuba ya mjomba itakuwa imeharibika kabisa.

Lazima nikiri kwamba hapa proksi haziokoi kitu, kwa kuwa kosa la muda liko kwenye asili yenyewe na nakala italirithi. Dawa ni kubadilisha faili kabla ya kuanza, kwa HandBrake au Shutter Encoder ambazo zote ni za bure, ukichagua kasi thabiti na ubora wa juu. Faili inayotoka ndiyo unayoihesabu kuwa asili ya mradi. Ile ya simu unaiweka pembeni bila kuifuta. Ukifanya hivyo katikati ya uhariri, vipande ulivyokwisha kukata vinaweza kusogea. Ndiyo maana hukumu hii hutolewa mwanzo: kila faili ya simu, na kila iliyorekodiwa kutoka kwenye skrini ya kompyuta, ipimwe kwa MediaInfo kabla ya kuingia kwenye mstari wa muda. Kama kasi inabadilika, MediaInfo itasema.

Umeme wa kwetu

Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha za ndani hulaumiwa sana kwa kamera mbovu. Chanzo ni taa. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa fremu 30, kasi inayoendana na umeme wa Marekani wa mizunguko 60, na hapo fremu na taa vinapishana. Rekodi kwa fremu 25, na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye iPhone, fremu 25 zimefichwa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uruhusu mifumo ya PAL. Zipo programu za kupunguza mistari hiyo baadaye, ila zinakula muda na hazifuti kila kitu. Na kama shangazi aliyeko Minnesota ametuma salamu zake zilizorekodiwa kwa fremu 30, amua kasi ya mradi kwa kuangalia picha nyingi ziko upande gani, halafu kubali mtikisiko mdogo kwenye salamu hizo. Mwombe pia azitume WhatsApp kama dokumenti, maana zikitumwa kama video ya kawaida zitafika zimebanwa upya.

Kurenda kunapogoma

Umemaliza, umebonyeza kurenda, na kazi inakatika kwenye asilimia 63. Watu hujaribu tena, kisha tena, kisha wanafuta programu na kuiweka upya. Majaribio yale mawili yalikuwa na habari ambayo hawakuisoma: je, yalikatika mahali pamoja? Kama ni palepale kila mara, kuna kipande au doido bovu kwenye eneo hilo. Kama ni mahali tofauti, mchawi yuko nje ya mradi, na hapo ndipo pa kuangalia nafasi ya diski, kumbukumbu au joto. Laptopu ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe, na nyingi hupunguza kasi pia zikiwa kwenye betri. Kwenye chumba kisicho na feni mwezi wa Februari pwani, hilo ni jambo la kutarajia. Kompyuta inayoanza vizuri na kuchoka baada ya dakika kumi inakuambia ugonjwa wake.

Eneo bovu lisipojulikana, gawanya kwa nusu. Renda nusu ya kwanza peke yake. Ikipita, kosa liko nusu ya pili, igawanye tena. Kwa njia hii, hata mstari wa muda wenye vipande 128 unahitaji migawanyo 7 tu kufikia kipande kimoja. Ukishakipata, fuata mpangilio huu, kitu kimoja kwa wakati mmoja:

– Kicheze kwenye VLC, nje ya programu ya kuhariri. Kikigoma na huko, kinakili upya kutoka kwenye kadi ya kamera.
– Ondoa madoido yake yote, kisha yarudishe moja moja.
– Futa kashe, yaani picha za muda ambazo programu hujihifadhia ili ifanye kazi haraka.
– Kiweke kwenye mradi mpya mtupu. Kikipita huko, mradi wa zamani ndio wenye hitilafu.
– Kibadilishe kiwe ProRes au DNxHR (mrithi wa DNxHD), ukirudishe mahali pake.

Anayefanya mambo matatu kwa mpigo anaweza kufaulu, ila hatajua nini kilimsaidia, na wiki ijayo ataanza upya. Kuhusu programu zilizovunjwa ufunguo, zile za kwenye flashi ya rafiki, niseme tu kwamba nazo ni chanzo cha kugoma kusikotabirika, na kwamba DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo ni halali.

Faili zilizopotea, faili zisizofunguka

Skrini nyekundu inayosema video haipatikani huwatisha watu bure. Mradi wa uhariri hauna video ndani yake. Una anwani za mahali faili zilipo, pamoja na orodha ya maamuzi yako. Ukihamisha folda, ukibadilisha jina, au diski ya nje iliyokuwa D ikarudi kama E kwenye Windows, anwani imekufa lakini faili ni nzima. Ionyeshe programu mahali papya, na kwa kawaida itazipata nyingine zote zilizo jirani. Kinga yake ni folda moja kwa kila kazi, yenye picha, sauti, muziki na mradi wenyewe, iliyopangwa kabla ya kuingiza chochote. Kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera ni kutafuta msiba. Nayo flashi inayokataa faili kubwa wakati nafasi ipo imeandaliwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili ya GB 4 au zaidi. Toa vilivyomo, uiandae upya kwa exFAT.

Msiba wa kweli ni faili ya MP4 isiyofunguka baada ya umeme kukatika au betri ya kamera kutoka. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake, inayoonyesha kila fremu iko wapi, mwishoni kabisa mtu anapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zimo lakini hakuna kinachozionyesha. Usiifute, na usirekodi tena kwenye kadi hiyo. Zipo programu, mojawapo huitwa untrunc, zinazojenga faharasa upya kwa kuazima muundo wa faili nzima iliyotoka kwenye kamera ileile kwa mipangilio ileile. Kwa wanaorekodi skrini kwa OBS, chagua MKV badala ya MP4, kwa sababu MKV ikikatika unapoteza sekunde za mwisho tu, kisha OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa MP4.

Nini kifutwe

Diski ikijaa, tofauti kati ya asili na nakala ya kazi ndiyo inayoamua. Kashe na proksi ni vya kufutwa bila huruma. Faili za kamera na faili ya mradi haviguswi mpaka kazi ikabidhiwe na mteja aridhike, na hadi hapo viwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa studio ndogo isiyo na fedha za intaneti ya kupakia GB 60, hiyo ya nje inaweza kuwa diski inayolala nyumbani kwa mmoja wenu. Faili ya mradi yenyewe huwa na MB chache tu, hivyo itume kwa barua pepe kila jioni. Mteja akirudi mwakani akitaka dakika mbili za sherehe ziongezwe, programu itatengeneza proksi upya kutoka kwenye faili za kamera, alimradi hakuna aliyezifuta wala kuzibadilisha majina.